Dhamana ya Serikali Humlinda Nani? Mhadhara kuhusu kununua nyumba katika kaunti za vijijini Marekani



Idara ya Kilimo ya Marekani hukopesha watu fedha za kununua nyumba, na wengi wa wakopaji hao hawalimi hata tuta moja la mahindi. Ni wauguzi, madereva wa malori, walimu, wafanyakazi wa viwanda vya nyama. Sharti ni kwamba nyumba iwe upande wa vijijini na mnunuzi akae humo mwenyewe. Wengi wenu mliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya mmehamia miji midogo kwa kufuata kazi, mkaacha miji mikubwa ambako kodi ya pango humeza nusu ya mshahara. Ndiyo maana nimeombwa niieleze mikopo hii. Nitaieleza kwa kuongozwa na swali moja: serikali inapotoa dhamana, humdhamini nani?

Historia kidogo kwanza, tujue kwa nini kilimo na nyumba viliwekwa katika idara moja. Miaka ya 1930, mdororo wa uchumi ulipowafilisi wakulima, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda mashirika ya kuwakopesha na kuwapatia makazi mapya. Kutokana na mashirika hayo, mwaka 1946 ikazaliwa Farmers Home Administration. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha Sheria ya Nyumba, na kifungu chake cha 502 kikaruhusu mkulima akopeshwe fedha za kujenga au kutengeneza nyumba. Mwaka 1961 mlango ulifunguliwa kwa wakazi wa vijijini wasiolima. Benki za wakati huo hazikuona faida ya kwenda huko. Penye benki moja tu ya mji, benki hiyo ilitaka mnunuzi atoe fungu kubwa mwanzoni na amalize deni kwa miaka michache, jambo ambalo kibarua na karani hawakuliweza. Ishikeni vizuri namba hiyo ya 502, maana mtaihitaji mtakapofika ofisini.

Kijiji kwa mujibu wa sheria hii ni pana kuliko mnavyodhani. Ni mashambani, na pia ni miji isiyozidi watu 10,000. Mingine hukubaliwa hadi 20,000, na baadhi iliyokuwamo tangu zamani hadi 35,000. Idara ina ramani yake. Ukiandika anwani ya nyumba unayoitaka, ramani inakujibu kama imo au haimo. Itazameni kabla ya kuipenda nyumba, kwa sababu mpaka unaweza kupita katikati ya barabara, jirani wa kushoto akawa ndani na wa kulia akawa nje.

Chini ya kifungu cha 502 kuna mikopo miwili, na watu wengi hujulishwa mmoja tu.

Wa kwanza ni mkopo wenye dhamana. Fedha ni za benki au kampuni ya mikopo, na serikali inasimama nyuma yake. Hutolewa kwa kaya ambayo mapato yake hayazidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo, kwa miaka 30, na riba yake haibadiliki. Uzuri wake mkubwa upo katika malipo ya awali. Tuchukue nyumba ya dola 180,000. Mkopeshaji anayetaka asilimia 20 atakudai dola 36,000 kabla hujashika ufunguo. Mkopo wa FHA (Federal Housing Administration, wala si ile Farmers Home Administration), ulioanza mwaka 1934 na ambao nao una mkono wa serikali, unataka asilimia 3.5 kwa mwenye alama za kredi kuanzia 580, yaani dola 6,300. Huu wa Idara ya Kilimo hautaki malipo ya awali hata senti moja. Mwingine wa namna hiyo ni ule wa askari wastaafu, ulioanzishwa mwaka 1944, na wengi wetu hatumo. Gharama za kukamilisha mauzo zipo pale pale: mthamini, bima, kampuni ya hati, kodi. Muuzaji anaweza kukubali kubeba sehemu yake, nanyi mwombeni bila haya, kwa kuwa ni mazungumzo ya kawaida katika biashara hii.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mkopaji wa mkopo huu hulipa ada ya dhamana asilimia 1 mwanzoni, ambayo kwa nyumba ya mfano wetu ni dola 1,800, kisha asilimia 0.35 ya deni kila mwaka. Anayelipa ni wewe. Anayelindwa ni mkopeshaji. Ukipoteza kazi, nyumba ikanadiwa kwa bei iliyo chini ya deni, serikali humfidia mkopeshaji sehemu kubwa ya hasara, hadi asilimia 90 ya mkopo. Halafu serikali hiyo hiyo inaweza kukugeukia wewe uirudishie fedha ilizolipa, hata kwa kukata rejesho lako la kodi. Haya hayakufichwa. Yameandikwa katika fomu ya maombi ambayo kila mkopaji huitia sahihi, na wengi huitia sahihi bila kuisoma kwa sababu wamesikia neno serikali na mioyo yao imetulia.

Simkatazi mtu mkopo huu. Umewapa nyumba watu ambao wangepanga maisha yao yote. Ninachotaka ni kwamba mtu auchukue akijua kuwa siku ya shida dhamana haitasimama upande wake.

Mkopo wa pili ni wa moja kwa moja. Hapa serikali yenyewe ndiyo mkopeshaji, kupitia ofisi ya Idara ya Kilimo iitwayo Rural Development iliyo jirani na kaunti yako. Umewekwa kwa ajili ya wenye kipato cha chini, yaani wasiozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, na hasa walio chini ya asilimia 50. Nao hauna malipo ya awali. Muda wake ni miaka 33, na kwa wenye kipato cha chini kabisa unaweza kufika miaka 38. Juu ya hayo, serikali huweza kubeba sehemu ya malipo ya kila mwezi kulingana na mapato ya kaya, hadi mkopaji akajikuta analipa kana kwamba riba yake ni asilimia 1.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Dola 180,000 kwa riba ya asilimia 6, miaka 30, ni kama dola 1,079 kwa mwezi kabla ya kodi na bima. Deni hilo hilo kwa asilimia 1, miaka 33, ni kama dola 534. Kwa mama anayewahudumia wazee kwa mshahara wa saa, tofauti hiyo ndiyo chakula cha watoto wake. Tena mkopaji wa moja kwa moja akiugua au akiachishwa kazi bila kosa lake, anaweza kuomba malipo yasimamishwe kwa muda, na anamwomba yule yule aliyemkopesha.

Msaada huo wa malipo hautolewi bure kabisa. Ukiuza nyumba au ukihama, serikali hudai irudishiwe: kiasi ilichokusaidia, au sehemu isiyozidi nusu ya thamani iliyoongezeka, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Nadhani ni haki. Lakini mtu aelezwe mapema, asije akapanga safari ya kurudi Bujumbura au Kigoma kwa fedha ambazo si zake zote.

Kwa nini basi mkopo huu wa pili hamuusikii? Wakala wa nyumba hana hamu nao, kwa kuwa huchukua miezi na muuzaji hataki kungoja. Kampuni za mikopo haziutangazi kwa sababu haziingizi kitu kutoka humo. Sababu kubwa zaidi ni Bunge. Miaka ya 1970 mkopo wa moja kwa moja ulifikia zaidi ya nyumba laki moja kwa mwaka. Leo ni elfu chache. Dhamana, iliyowekwa kwa kudumu mwaka 1990, ilichukua nafasi yake kwa kuwa haiigharimu bajeti sana: ada za wakopaji ndizo huifidia. Kwa maneno mengine, msaada uliobuniwa kwa ajili ya maskini wa vijijini umesogezwa taratibu hadi kwa wenye kipato cha kati, na walio chini yao wamebaki katika foleni ambayo fedha zake hufika kwa vipimo. Huo ni uamuzi wa kisiasa, na mimi naona ni uamuzi mbaya. Walio raia kati yenu wana mbunge wa jimbo na maseneta wawili. Waandikieni.

Kuna njia ya tatu ambayo naipenda kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Bonde la San Joaquin huko California, vibarua wa mashambani walikuwa wakiishi katika vibanda visivyo na maji. Wafanyakazi wa American Friends Service Committee, shirika la Waquaker, waliketi nao wakatafuta njia, na jibu lililopatikana ni wajengeane nyumba. Mwaka 1965 kazi hiyo ikapata shirika lake, Self-Help Enterprises, na serikali ikaupokea mpango huo na kuueneza nchini. Hadi sasa nyumba zaidi ya 50,000 zimejengwa kwa njia hiyo.

Hivi ndivyo unavyokwenda. Familia kadhaa huunganishwa kuwa kundi moja, kila moja ikiwa na kiwanja chake na mkopo wake, mara nyingi ule wa moja kwa moja. Shirika lisilo la faida hulipwa na Idara kuwaletea msimamizi wa ujenzi. Jioni baada ya kazi, na mwishoni mwa wiki, familia hukutana kwenye viwanja. Wanasimamisha kuta za mbao, wanapiga rangi, wanaweka vigae na kuezeka. Umeme na mabomba huachiwa mafundi wenye leseni. Familia hubeba karibu asilimia 65 ya kazi yote, na jasho hilo hupunguza deni, kwa hiyo mtu huingia katika nyumba yenye thamani kuliko anachodaiwa. Kisha kuna kanuni moja ambayo mtu wa kwetu ataielewa bila kufafanuliwa: hakuna anayehamia mpaka nyumba ya mwisho katika kundi imekamilika. Aliyemaliza ya kwake anarudi kumshikia mwenzake ngazi.

Kwetu mtu hununua kiwanja, akamwaga msingi mwaka huu, akapandisha kuta mwaka ujao, na bati likaja zamu yake ya upatu ilipofika. Marekani haikubali hivyo. Hakuna mkaguzi atakayekuruhusu ulale katika nyumba isiyo na milango. Wengi wetu tulidhani basi desturi ya kujenga kwa mikono yetu na ya majirani tumeiacha nyuma, pamoja na harambee na msaragambo. Nawaambieni ipo, imo ndani ya sheria ya nchi hii, na katika kaunti nyingi imo mikononi mwa watu wachache wanaotafuta familia zilizo tayari. Mipango hii haipo kila mahali. Ulizeni, na kama haipo, makanisa na misikiti yetu iungane na shirika la nyumba lililo karibu kuiomba.

Sasa niseme juu ya kaya zetu zilivyo, kwa sababu huko ndiko maombi mengi hukwama.

Mikopo hii yote miwili huhesabu mapato ya watu wazima wote wanaoishi nyumbani, hata wasiotia sahihi kwenye mkopo. Mjomba anayefanya kazi kiwandani, binamu aliyekuja mwezi uliopita na kuanza kazi ghalani, wote wamo. Kaya yenye watu wazima wanne wanaofanya kazi inaweza kuvuka kikomo cha mapato na kukataliwa, ingawa mwenye kuomba ana mshahara mdogo. Kwa upande wa pili kuna punguzo kwa kila mtoto, na watoto kwetu si haba. Semeni ukweli juu ya nani anaishi ndani. Kuficha mtu katika fomu ya serikali ni kosa la jinai, na kwa mgeni hatari yake haiishii kwenye nyumba.

Kisha upatu. Mtu amecheza upatu na wenzake kumi, zamu yake ikafika, akaweka dola 5,000 benki. Kwake ni akiba halali ya jasho lake. Kwa mkaguzi wa mikopo ni fedha nyingi zisizo na asili, na swali la kwanza litakuwa zimetoka wapi. Kikundi kiwe na daftari lenye majina, tarehe na zamu, na michango ipite benki badala ya mkono kwa mkono. Zawadi ya ndugu nayo ije na barua inayosema ni zawadi wala si deni.

Kama huna kredi kwa sababu hujawahi kukopa, usikate tamaa wala usikimbilie kadi tano kwa mpigo. Mikopo ya 502 huruhusu historia ya aina nyingine: pango, umeme, simu, bima ya gari, vyote vikiwa na ushahidi wa kulipwa kwa wakati kwa miezi 12. Lipeni pango kwa hundi au benki, mpate risiti. Mwenye nyumba anayekubali fedha taslimu tu anakupotezea ushahidi.

Kuhusu hadhi ya uhamiaji, raia na wakazi wa kudumu wenye sifa nyingine wanaweza kuomba. Kwa wenye hadhi nyingine kuna masharti, nayo hubadilishwa. Ulizeni na mpate jibu kwa maandishi kabla ya kulipa ada yoyote.

Nyumba yenyewe ya kijijini ina mambo ambayo nyumba ya mjini haina. Maji yanatoka kisimani, basi yapimwe maabara. Choo kinaishia kwenye tanki lililozikwa uani, na tanki likifa, kulibadilisha ni maelfu ya dola. Lifunguliwe likaguliwe kabla ya kununua. Barabara ya kuingilia inaweza kupita katika ardhi ya jirani. Je, haki ya kupita imeandikwa, na theluji ikianguka nani anaiondoa? Nyumba ya kuletwa kwa lori inaweza kuuzwa bila kiwanja, na hapo mkopo wake hugeuka kuwa kama wa gari. Zaidi ya hayo msichanganye mthamini na mkaguzi. Mthamini huletwa na mkopeshaji kujua kama nyumba inatosha kuwa rehani yake. Mkaguzi unamleta wewe, kwa mamia machache ya dola, naye huingia darini na chini ya sakafu kwa niaba yako. Wengi huona ni gharama ya kuepukwa. Mimi naona ni fedha bora kuliko zote mtakazotumia katika safari hii.

Wenye nyumba mpya wajihadhari na mwaka wa pili. Kodi ya mwaka wa kwanza huenda ilikadiriwa kwa kiwanja kitupu. Nyumba ikishaandikwa, kodi hupanda, na malipo ya mwezi hupanda nayo, ingawa riba haikubadilika.

Waislamu miongoni mwetu huuliza juu ya riba, na swali lao ni la heshima. Mikopo hii ina riba, na sitawaambia vinginevyo. Fatwa iko kwa masheikh. Lakini nawaonya juu ya mlango mmoja unaofunguliwa kwa jina la dini. Huko Minnesota, familia za Kisomali ziliuziwa nyumba kwa mikataba ya kumlipa muuzaji kidogo kidogo, wakaambiwa haina riba. Bei ilikuwa imepandishwa kupita thamani, hati ikabaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho, na aliyechelewa malipo aliweza kupoteza nyumba na kila alichokwisha kulipa. Mwaka 2024 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuwabana wauzaji wa aina hiyo. Majimbo mengine hayajafika huko. Mkataba wowote ambao hati haipiti kwenye jina lako siku ya mauzo, mpelekee wakili kwanza.

Jambo la mwisho ni haki. Idara hii ina historia yake. Mwaka 1999 mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi iliyofunguliwa na Timothy Pigford, mkulima mweusi wa North Carolina, na wenzake, waliodai kuwa walinyimwa au kucheleweshewa mikopo ya kilimo kwa sababu ya rangi yao. Mikopo ile ilikuwa ya mashamba, lakini funzo linatuhusu: sheria ya Washington hupita mikononi mwa mtu wa kaunti. Kinga yenu ni sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika mikopo. Maombi yakishakamilika, mkopeshaji ana siku 30 za kukujulisha uamuzi wake, na akikukataa una haki ya kupata sababu kwa maandishi. Neno la mdomo kwamba hufai, kabla hujajaza chochote, si jibu.

Kwa hiyo wiki hii tafuteni ofisi ya Rural Development inayohudumia kaunti yenu. Ombeni fomu ya mkopo wa moja kwa moja wa kifungu cha 502, muulize kama kuna kundi la kujengeana karibu, na wazazi wenye nyumba zinazovuja muwaulizie kifungu cha 504, kinachokopesha hadi dola 40,000 za matengenezo kwa riba ya asilimia 1. Mkopo wenye dhamana uchukueni baada ya kujua kwamba huo mwingine hamuupati, na asiyejua Kiingereza cha fomu aende na mwenzake anayekijua. Msitie sahihi ukurasa ambao hamkuusoma.